UZI: Mifupa ya zamadamu na wanaosukumwa pembeni leo: inasema nini, na wapi tunaisingizia

Mwalimu_wa_Rongai

Wadau, hamjambo. Mjadala wowote kuhusu walemavu, watu wenye ualbino au jamii za msituni ukipamba moto, hakosi mtu wa kusema "asili haina huruma, mnyonge huachwa njiani, ndivyo binadamu alivyofika hapa." Halafu anatokea wa pili na ule ujumbe wa WhatsApp, kwamba mwanaanthropolojia Margaret Mead alisema dalili ya kwanza ya ustaarabu ni mfupa wa paja uliovunjika ukapona, kwa kuwa lazima kuna aliyemtunza majeruhi. Wote wawili wanaisingizia mifupa. Naomba uzi huu tuujaze yale ambayo visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka jiwe, vinaonyesha kweli, kisha tuone yanatufikisha wapi na jirani zetu wa leo.

Nianze na wa kwetu. KNM-ER 1808 ni mifupa ya mtu mzima wa Homo erectus, spishi mojawapo ya zamadamu, yamkini mwanamke, aliyeishi miaka milioni 1.7 hivi iliyopita. Kamoya Kimeu ndiye aliyemwona mwaka 1973 huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Mfupa wake wa mguu ukitazamwa pale ulipokatika, una tabaka mbili. Ndani ni mfupa wa kawaida, mgumu, uliojipanga vizuri. Juu yake limejengeka ganda la mfupa mwingine, umesukwa ovyo na una vitundu, unene hadi milimita 7. Mwaka 1982 Alan Walker na wenzake walilieleza ganda hilo kuwa athari ya sumu ya vitamini A, pengine kwa kula maini ya wanyama wala nyama. Vitamini A ikizidi, utando unaofunika mfupa hubanduka, damu huvuja chini yake na kuganda, na lile bonge la damu baadaye hugeuka mfupa. Wapo waliosema baadaye kwamba ni buba. Ugonjwa ubishaniwe, lakini unene wa ganda uko pale pale, nao haujengeki kwa siku mbili tatu. Ni wiki nyingi, hata miezi. Muda wote huo mgonjwa ana maumivu ya kila mfupa, hawezi kwenda kuteka maji wala kumkimbia fisi, na hapo ni Turkana. Walker alikata shauri kwamba kuna aliyemletea maji na kumlinda.

Swali langu kwa wenye taaluma: tukate shauri hilo kwa uzito gani?

Fuvu_na_Taya

Mwalimu, shukrani kwa kuanza na 1808, maana wengi hukimbilia Ulaya. Niseme jinsi mfupa unavyosomwa, kwa kuwa kosa hutokea kwenye mpangilio.

Kwanza unauliza kama jeraha lilitokea kabla ya kifo au baada yake. Mfupa uliovunjika ungali mbichi hupasuka kwa mshazari na kingo zake ni laini. Mfupa mkavu, uliovunjwa na udongo au jembe la mchimbaji, hukatika wima, kingo zinakwaruza, na rangi ya pale ulipokatika huwa nyeupe kuliko sehemu nyingine. Kama jeraha limepona, kingo zimeviringika na kuna uvimbe wa mfupa mpya. Pili unauliza mtu aliishi nalo muda gani. Tatu, hakuweza kufanya nini muda huo. Swali la msaada linakuja la nne, na jibu lake haliwezi kuwa zito kuliko majibu ya yale matatu. Wanaosambaza ule ujumbe wa paja wanaruka kutoka la kwanza hadi la nne.

Paja lenyewe ni ushahidi dhaifu. Adolph Schultz alipochunguza mifupa ya giboni wa porini katika karne iliyopita, karibu theluthi moja walikuwa na mivunjiko iliyopona, na giboni hana muuguzi. Isitoshe, kauli ile haijapatikana katika maandishi ya Mead.

Taya la Dmanisi, Georgia, lina uzito kuliko paja. Ni fuvu D3444 na taya lake D3900, la miaka milioni 1.77 hivi iliyopita. Mzee huyu alibaki na jino moja tu, la chonge upande wa kushoto chini. Matundu ya meno mengine yote yamezibika na kingo za taya zimelika. Jino likitoka, tundu huanza kujaa mfupa ndani ya wiki chache, lakini taya zima kulika hadi kuwa bapa ni kazi ya miaka. Kwa hiyo tuna mtu aliyeishi miaka kadhaa bila meno, kabla ya sufuria na uji. Alihitaji uboho, ubongo wa mnyama, au vitu vilivyopondwa kwa jiwe. Huenda alijipondea mwenyewe. Ndiyo maana katika mizani yangu 1808 ni mzito kuliko Dmanisi: mzee asiye na meno bado ana mikono, mgonjwa wa 1808 hakuwa na namna.

Na mwingine wa kuangalia ni Shanidar 1 wa Iraq, aliyechimbuliwa mwaka 1957. Ni Neanderthal, zamadamu wa Ulaya na Asia ya magharibi. Mkono wa kulia umesinyaa na umeishia juu ya kiwiko, alipigwa pembeni mwa jicho la kushoto, alichechemea, na vinyama vya mfupa vilikuwa vimeziba masikio yake. Alifika umri wa miaka 40 hivi.

Mhudumu_Kayole

Nawasalimu. Nyie mnasoma mifupa, mimi nizungumzie kazi yenyewe ya kumtunza mtu, kwa sababu neno "alitunzwa" linaandikwa kwa sekunde moja na watu hawajui ndani yake mna nini.

Man Bac, kaskazini mwa Vietnam, miaka 4,000 hivi iliyopita. Mifupa nambari 9 ni ya kijana wa kiume wa miaka 20 hadi 30. Pingili za shingo zimeungana tangu kuzaliwa. Mifupa ya mikono na miguu ni myembamba mno, maana mfupa usiobebeshwa uzito hupungua kila mwaka. Lorna Tilley na Marc Oxenham, waliomchambua mwaka 2011, walionyesha kwamba alipooza akiwa kijana mdogo na akaishi hivyo miaka 10 hivi.

Sasa hesabu. Aliyepooza na hawezi kujigeuza, wodi za leo humgeuza kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Hiyo ni mara 12 kwa siku, mara 4,380 kwa mwaka. Ukichelewa, ngozi iliyobanwa kati ya kitanda na mfupa hukosa damu. Huanzia juu ya matako, kwenye visigino na kwenye nyonga. Kwanza unaona wekundu ambao haupotei ukiubonyeza, na kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisha mgongo wa kiganja: pale penye joto au ugumu kuliko pembeni pameshaanza. Usipasugue. Mwondolee uzito hapo. Ukipuuza, ngozi hufunguka, na kidonda kikifika mfupani huleta maambukizi yanayoua.

Chakula nacho. Mlishe akiwa ameketi wima, tonge dogo laini, asubiri kumeza kabla ya tonge la pili, kisha abaki wima nusu saa. Ukimlisha amelala, chakula huingia mapafuni na homa ya mapafu humaliza kazi. Maji anywe kidogo kidogo siku nzima, la sivyo mkojo huwa mzito na kuleta maambukizi. Ongeza kumwosha, kumkausha kwenye mikunjo, kumnyoosha viungo ili visijikunje vikakauka.

Mtu aliyeishi miaka 10 hivyo kabla ya dawa za antibayotiki hakutunzwa kwa huruma ya siku moja. Kulikuwa na zamu. Mageuzo 12 ukiyagawa kwa watu 6, kila mmoja ana mawili. Ukimwachia mama peke yake katika chumba kimoja, halali, mgongo wake unaharibika, na baada ya mwaka tuna wagonjwa wawili. Hilo ndilo ninaloliona limebadilika: mzigo ule ule, mabega yamepungua. Majirani wanaotaka kusaidia waache kuuliza "mama, unahitaji nini?" Wachukue zamu ya saa kumi jioni, kila Jumanne, na wasiikose.

Jiwe_la_Turkana

Dada Mhudumu, nimekusoma na nakubali. Ila nawaomba msijenge picha ya babu zetu waliojaa upendo. Nataruk iko magharibi mwa Ziwa Turkana, miaka 10,000 hivi iliyopita. Mabaki ya watu wasiopungua 27 yalikutwa mahali palipokuwa kando ya maji ya ziwa. Kati ya mifupa 12 iliyokutwa imekaa mahali pake, 10 ina alama za kifo cha nguvu: mafuvu yaliyopasuliwa, ncha za mawe ndani ya mwili. Mmoja kati ya wale 12 alikuwa mama mjamzito wa miezi ya mwisho. Hawa ni binadamu kama sisi, si zamadamu wa zamani. Ziwa lile lile limetupa 1808 na Nataruk.

Pia kuna kosa la sampuli. Tunawaona waliopona kwa sababu mfupa unahitaji muda ili ubebe alama. Mtoto aliyeachwa siku ya tatu haachi alama yoyote. Kwa hiyo idadi ya "waliotunzwa" lazima itaonekana kubwa kuliko ilivyokuwa. Katherine Dettwyler aliandika mapema mwaka 1991 kwamba kuishi na ulemavu si uthibitisho wa huruma, na si kweli kwamba mlemavu wa kale alikuwa mzigo mtupu asiye na kazi. Huenda alilea watoto, alichonga mawe, alijua njia za maji. Anayesema "walimvumilia" tayari ameingiza dharau yake ya leo ndani ya pango.

Fuvu_na_Taya

Jiwe, hoja ya sampuli ni ya kweli na ya Dettwyler ni ya kweli zaidi. Ninachoongeza ni mtoto wa Cova Negra, Hispania, aliyetangazwa mwaka 2024. Ni kipande kidogo tu cha mfupa wa sikio cha mtoto Neanderthal, lakini umbo la sikio la ndani linaonyesha Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili. Sikio la namna hiyo huleta ukiziwi na kizunguzungu kikali. Alifika angalau miaka 6. Kunyonya peke yake kwa mtoto wa aina hiyo ni shida, kwa hiyo mama hakumudu bila wenziwe. Nani alitegemea kulipwa fadhila na mtoto huyo? Nataruk haifuti Cova Negra, wala Cova Negra haifuti Nataruk. Kilichofutika ni ile kauli ya kwamba spishi yetu ilifika hapa kwa kumwacha kila mnyonge njiani. Haina ushahidi.

Jeni_254

Niingie kwa upande wa urithi, maana ualbino umetajwa na haujajibiwa.

Anayesema ualbino ni "kasoro ambayo asili ingeiondoa" hajapiga hesabu. Mtoto huzaliwa nao akipata nakala mbili za jeni iliyobadilika, moja kwa kila mzazi. Mwenye nakala moja hana dalili hata kidogo, kwa hiyo uteuzi wa asili haumwoni. Kusini mwa Sahara sababu kubwa ni kupotea kwa herufi 2,700 hivi za DNA ndani ya jeni iitwayo OCA2. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino katika watu milioni 47.6, yaani mmoja kwa kila 4,900 hivi. Kipeuo cha pili cha 4,900 ni 70, kwa hiyo nakala moja kati ya 70 imebadilika. Kila mtu ana nakala mbili, hivyo mtu mmoja kati ya 35 ni mbebaji, tukichukulia kwamba watu wanaoana bila mpangilio na jeni ni hiyo moja. Basi la abiria 35 likiondoka Kencom limejaa, kwa wastani mmoja wao anayo na hajui. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25. Hakuna laana hapo, na hakuna kosa la mama. Wanaume wanaomkimbia mke hospitalini wajue kwamba mtoto hawezi kuzaliwa hivyo bila nakala ya baba.

Kinachoua ni jua na mpangilio wa maisha, si jeni peke yake. Nairobi iko nyuzi 1 tu kusini mwa ikweta, mita 1,795 juu ya bahari, na mionzi ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Baridi ya Julai inawadanganya watu, mionzi haijapungua kwa kiasi wanachodhani. Losheni iwe ya SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi, ipakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, na irudiwe kila baada ya saa 2. Kwa uso na shingo ni kijiko kimoja cha chai, kwa mwili mzima wa mtu mzima ni mililita 30 hivi. Wengi hupaka nusu ya hapo ili chupa idumu mwezi, na kinga inashuka vibaya. Masikio, nyuma ya shingo na mdomo wa chini ndipo husahaulika, na ndipo vidonda vya saratani hupenda kuanzia. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote. Kofia ya besiboli inaacha masikio nje. Darasani akae mbele, mbali na dirisha linalong'aa, na maandishi yawe makubwa. Shule inayomwambia mtoto avue kofia gwaride la asubuhi kwa sababu si sehemu ya sare inamchoma.

Selimundu inaonyesha jambo lilo hilo. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mwenye nakala moja ana kinga dhidi ya malaria. Takwimu za Kilifi baadaye zilionyesha kinga ya takriban asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Nakala mbili ndizo huleta ugonjwa. Jeni ile ile inaokoa maisha Kilifi na kando ya Ziwa Victoria, lakini hapa Nairobi, ambako mwinuko umepunguza mbu wa malaria, faida yake ni ndogo. "Bora" na "dhaifu" havikai ndani ya mtu, viko kati ya mwili na mahali. Na mahali tunaweza kupabadilisha.

Kumbukumbu_za_Mji

Wadau, mnajadili haya kama mambo ya mbali, na mji huu una deni. Mwaka 1933 kiliundwa hapa Nairobi chama cha walowezi na madaktari cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari". Francis Galton wa Uingereza ndiye aliyeipa taaluma hiyo jina, yujeniksi, mwaka 1883. Daktari H. L. Gordon, aliyehudumu Hospitali ya Mathari ya wagonjwa wa akili, alikuwa msemaji wake mkubwa, naye F. W. Vint akapima ubongo wa maiti za Waafrika na kutangaza kwamba ni mdogo kuliko wa Mzungu.

Tazameni makosa, kwa sababu yanarudiwa hadi leo kwa nguo mpya. Alipima watu waliofia hospitalini, kisha akawalinganisha na wastani wa Wazungu uliopimwa na watu wengine mahali pengine. Ubongo hubadilika uzito kwa umri, kimo, ugonjwa uliomuua mtu na saa zilizopita tangu kifo. Halafu kipimo chenyewe hakina maana waliyoipa. Neanderthal alikuwa na ubongo wa wastani mkubwa kidogo kuliko wetu. Richard Lewontin alionyesha mwaka 1972 kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za urithi ziko ndani ya kundi moja la watu, si kati ya makundi. Lakini kipimo kile kilishafanya kazi yake: kilitumika kudai kwamba shule kwa Mwafrika ni hasara. Anayetumia mageuko ya binadamu leo kumshusha mlemavu wa akili asome hapo, aone amesimama kwenye mstari wa nani.

Wakili_wa_Ardhi

Mzee Kumbukumbu, umenifungulia mlango. Kosa la pili ni la upole, nalo ni hatari vilevile: kusema Waogiek na Wasengwer wa Kenya au Wahadzabe wa Tanzania, jamii za wawindaji na wakusanyaji, ni "dirisha la kuwaona mababu zetu". Anayeishi leo ana umri wa mageuko sawa na wangu na wako. Waogiek wana mizinga, wana simu, wana mawakili. Ukimwita mtu kumbukumbu ya kale, hatua inayofuata ni kusema hana haja ya hati ya ardhi, au "atakuwa mtu wa kisasa" akitolewa msituni.

Mambo yaliyo kwenye rekodi: Oktoba 2009 Waogiek walipewa notisi ya siku 30 wahame msitu wa Mau. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka vifungu saba vya Mkataba wa Afrika, na ikakataa dai kwamba kuhifadhi msitu kunahalalisha kuwafukuza. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara mengine, pamoja na kupimiwa ardhi na kupewa hati ya pamoja. Novemba 2023 nyumba zikabomolewa tena Mau.

Mkiandika barua au risala kuhusu jambo hili, acheni kabisa hoja za "watu wa kwanza duniani". Katiba ya Kenya inatosha. Kifungu cha 260 kinazitaja jamii za wawindaji na wakusanyaji ndani ya maana ya jamii iliyotengwa, cha 63 kinaiweka ardhi yao kwenye ardhi ya jamii, cha 56 kinaitaka serikali iwe na mipango ya kuwashirikisha. Kwa walemavu ni cha 54, chenye lengo la angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Haki hizi hazingojei kisukuku kipya. Kesho ikithibitika kwamba 1808 hakutunzwa na mtu, kifungu cha 54 hakipungui hata nukta.

Mwalimu_wa_Rongai

Wakili, hilo la mwisho nitalibandika ukutani. Fuvu_na_Taya, moja la kumalizia: wanafunzi wa kidato cha tatu wanaenda Makavazi ya Kitaifa kumwona Kijana wa Turkana. Kuna vitabu vinavyosema alikuwa na uti wa mgongo uliopinda. Niwafundishe hivyo?

Fuvu_na_Taya

Hapana, Mwalimu. Huyo Kijana wa Turkana, KNM-WT 15000, aliyeonwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 Nariokotome, alidhaniwa hivyo kwa muda mrefu. Baadaye pingili na mbavu zilipangwa upya, ikaonekana mpindo ulitokana na vipande kuwekwa mahali pasipo pake. Alama ya ugonjwa iliyo wazi ni kwenye taya, pale jino la utotoni lilipotoka na kuacha maambukizi. Wape kazi hii: kila mmoja achague mfupa mmoja, aandike anachokiona kwa macho kwanza, kisha muda alioishi nao, kisha asichoweza kufanya. Safu ya nne ibaki tupu hadi mrudi darasani, maana wakiijaza pale pale watatunga hadithi ya huzuni.

Usimtumie mwanafunzi mlemavu kama mfano mbele ya wenzake, hata kwa nia njema. Na kama kuna asiyeona katika kundi, tafuteni mapema replika ya plasta ya fuvu na ya taya. Apewe mwanzoni, aguse ukingo wa tundu la jino na ukingo wa paji, kabla wengine hawajaanza kuisambaza mkono kwa mkono, kwa sababu ikishaanza kuzunguka huwa hairudi hadi kengele ya basi.